Upepo Hauna Hati, Lakini Ardhi Ina Wenyewe

   

Leo tunataka kuzungumza juu ya stima. Hatutasema juu ya bei yake, maana juu ya hilo kila nyumba ina hotuba yake. Tunataka kuuliza inatoka wapi, na watu wa mahali inapotoka wametendewaje.

Kitengela ni mji uliokua upesi. Wazee wanakumbuka ulipokuwa malisho, na nyumbu na punda milia wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo zaidi ya watu 150,000. Leo kuna magorofa, zahanati, vinyozi, mafundi wa kuchomelea vyuma na mashine za kusaga unga. Vyote hivyo vinangoja stima. Ukishika barabara ya Namanga utafika Isinya, na hapo utaona kituo kikubwa cha umeme. Laini ya volti 400,000 iliyokamilika mwaka 2017 inaingia hapo kutoka Mombasa. Nyingine inakwenda Suswa, na nyingine inaelekea Tanzania. Na kutoka vilima vya Kipeto, upande wa Kajiado Magharibi, unakuja umeme wa upepo.

Lakini taa ya nyumbani haina alama ya kutuonyesha imetoka mlima gani, wala haituambii kama mwenye mlima ule aliulizwa. Hilo yatupasa tulitafute wenyewe.

Basi tuanze na swali jepesi. Upepo ni wa nani? Hakuna mtu aliyeuumba, wala ofisi ya ardhi haijapata kutoa hati ya upepo. Mvuke ulio chini ya ardhi nao ni hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwa mkubwa kusema: "Tunachukua kitu kisicho na mwenyewe." Lakini upepo haukamatwi hewani tu. Lazima mlingoti usimame mahali, na barabara ipite mahali, na nguzo zichimbiwe mahali. Na mahali pote katika nchi yetu pana mtu aliyezaliwa hapo, au aliyezika wazazi wake hapo, au anayelisha ng'ombe wake hapo wakati wa kiangazi.

Wengi wenu mnakijua kisa cha Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka shamba lile alifanye bustani ya mboga. Sasa angalieni jambo moja ambalo mara nyingi tunalipita. Ahabu hakuanza vibaya. Alikwenda akauliza, akaahidi kumpa Nabothi shamba lingine lililo bora kuliko lile, au fedha taslimu kama akipenda. Leo tungesema kwamba alitoa fidia nzuri.

Nabothi akakataa. Shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na kwake urithi haukuwa bidhaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mfalme akaenda kulala bila kula, amenuna kama mtoto. Malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri. Wakatafutwa mashahidi wa uongo, kikafanywa kikao cha wazee, na Nabothi akauawa kwa mawe. Kwa nje kila kitu kilionekana ni halali: barua, muhuri, mashahidi, baraza. Ndipo nabii Eliya akatumwa kwenda kumwambia mfalme kwamba yale ni mauaji na wizi.

Tunajifunza nini hapa? Kuuliza peke yake hakutoshi. Anayeuliza kweli ni yule aliye tayari kusikia neno "hapana". Ukimwuliza jirani yako huku umekwisha kuagiza matingatinga, hujamwuliza; umempa habari tu.

Watu wa Kajiado hawahitaji kwenda Samaria ya kale ili kuyaelewa haya. Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza iliandikiana mapatano na viongozi wa Wamaasai, ikawaondoa katika malisho ya Bonde la Ufa na kuwagawa sehemu mbili, wengine Laikipia na wengine upande huu wa kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano yale yatadumu. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa mengine, na wale wa Laikipia nao wakahamishwa kuja kusini. Baadhi yao walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 waliambiwa kwamba lile lilikuwa jambo la mkataba baina ya mamlaka mbili, kwa hiyo mahakama haikuwa na uwezo wa kulisikiliza. Ndiyo maana mzee wa Kajiado akiletewa karatasi na mgeni, huitazama mara mbili. Tusimwite mjinga. Anakumbuka.

Sasa tutazame mambo ya siku zetu. Tutataja mahali panne.

Pa kwanza ni Kinangop, Nyandarua. Kampuni ilitaka kusimamisha mitambo 38 ya upepo kwa ajili ya kutoa megawati kama 60. Baadhi ya wenye mashamba walikubali kukodisha ardhi yao. Lakini majirani waliachwa na maswali: Je, mitambo itadhuru afya zetu? Je, mashamba yetu yatachukuliwa? Hofu ikakua, maandamano yakaja, na mwaka 2015 mtu akapoteza maisha katika ghasia hizo. Mwaka 2016 mradi ukaachwa. Kampuni ilipata hasara, nchi ikakosa umeme, na familia moja ikabaki na kaburi.

Pa pili ni karibu na Ziwa Turkana, katika Marsabit. Huko imesimamishwa mitambo 365 inayoweza kutoa megawati 310, na hiyo ni sehemu kubwa ya umeme wa upepo wa nchi hii. Ni kazi kubwa, na tunaistahi. Kampuni ilieleza kwamba wafugaji hawakufungiwa malisho. Lakini ardhi ile, ekari 150,000, ilikuwa chini ya udhamini wa baraza la wilaya, na baraza ndilo lililoitoa. Wananchi walifungua kesi mwaka 2014, wakisema kwamba hawakushirikishwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa njia iliyo sawa. Hebu fikirini: mitambo ilikuwa imekwisha kusimama, na umeme ulikuwa unakwenda mijini, ndipo ikaamuliwa kwamba mlango ulioingiliwa haukuwa mlango.

Pa tatu ni Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa ardhini unazungusha mitambo ya umeme. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha mradi, zikapelekwa mahali panapoitwa RAPland. Walijengewa nyumba za kudumu, na shule. Mtu akipita haraka angesema: wamepata bahati. Lakini mwaka ule ule baadhi yao walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na kwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa zimetoa mikopo. Waliochunguza waliona, miongoni mwa mengine, kwamba lugha ya Kimaa haikupewa nafasi ya kutosha katika mashauri, wala baraza la wazee halikutumiwa ipasavyo. Baadaye walikaa na wapatanishi, na makubaliano yakapatikana. Angalieni basi: nyumba ilikuwapo, na bado palipungua kitu. Mtu aliyejengewa nyumba bila kusikilizwa anaishi ndani yake kama mgeni.

Pa nne ni hapa kwetu, Kipeto. Kajiado si mgeni wa mitambo ya upepo. Ile ya kwanza ilisimamishwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993, zawadi kutoka Ubelgiji. Lakini Kipeto ni kazi kubwa zaidi: mitambo 60, megawati 100, na tangu mwaka 2021 umeme wake unaingia katika laini za taifa kwa njia ya Isinya. Huko familia zilizokodisha mashamba zinapata malipo, ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya mapanga yanayozunguka, baadhi ya familia zilijengewa nyumba, na asilimia 5 ya mradi iliwekwa katika amana ya jamii. Hatusemi kwamba kila mtu ameridhika, maana palipo na fedha pana manung'uniko. Lakini tofauti yake na mahali pengine yaonekana.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Sehemu moja, bila shaka, ni ustaarabu wa watu waliohusika. Lakini sehemu nyingine ni hii: ranchi nyingi za kikundi za Kajiado zilikuwa zimekwisha kugawanywa, na familia za Kipeto zilikuwa na hati mkononi. Mgeni asingeweza kumaliza shauri lake katika ofisi ya mbali. Ilimbidi abishe hodi boma kwa boma. Kule Turkana wafugaji walikuwa na ardhi lakini hawakuwa na hati, na shauri likapita juu ya vichwa vyao.

Hapa, wapendwa, ndipo lilipo jambo letu la leo. Kumheshimu mtu mwenye hati si wema mkubwa, sheria inakulazimisha. Haki ya kampuni, na haki ya serikali, hupimwa kwa namna inavyomtendea yule asiye na hati: mchungaji apitaye na mifugo, mjane ambaye jina lake halimo katika daftari, kijana ambaye baba yake ndiye aliyetia sahihi, jirani ambaye mlingoti hausimami kwake lakini kivuli chake na mlio wake vinafika kwake. Hao nao ni watu. Haki yao haikuanza siku karatasi ilipopigwa muhuri.

Tena, wanaotuambia kwamba mambo ya namna hii yanachelewesha maendeleo, tuwaelekeze Kipeto. Katika miamba ya upande ule wanaishi tumbusi, wale ndege wala mizoga, ambao wamekuwa wachache sana. Kampuni imeweka watu wa kutazama angani. Wakimwona ndege anakaribia, mtambo unasimamishwa mpaka apite. Hilo ni jambo jema, na tunalisifu. Basi, kama mtambo mkubwa namna ile waweza kusimama kwa ajili ya ndege, hauwezi kushindwa kungoja mama mzee asomewe mkataba kwa lugha anayoielewa.

Mataifa nayo yamekubaliana juu ya mambo haya. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipokea maongozi yaliyotungwa na Profesa John Ruggie pamoja na wenzake. Yana nguzo tatu, nazo ni rahisi kukumbuka kama mafiga matatu. Figa la kwanza: serikali ina wajibu wa kuwalinda watu wake. La pili: kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki za watu, hata pale ambapo serikali imelala. La tatu: aliyeumizwa apate mahali pa kupeleka shauri lake na kutengenezewa. Chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Na figa la tatu likikosekana, moto huunguza nyumba. Tukumbuke Waogoni wa Nigeria, ambao mito na mashamba yao yaliharibiwa na mafuta. Walilia miaka mingi. Mwaka 1995 serikali ya kijeshi iliwanyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane. Mwaka 2009 kampuni ya Shell ililipa dola milioni 15.5 ili kuimaliza kesi iliyofunguliwa Marekani na jamaa za waliokufa, bila kukubali kosa. Fedha zile zilikuja miaka 14 baada ya kitanzi. Lingekuwapo baraza la kuwasikiliza mapema, huenda wangeishi.

Sasa tuseme yatupasayo kufanya.

Kwanza, tunasema nanyi wenye mashamba. Siku hizi wanakuja watu wenye vipimo vya upepo na vya jua, na wengine wanatafuta njia ya kupitisha nguzo. Msiwafukuze kwa hasira, wala msitie sahihi kwa haraka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na tena wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ulizeni mkataba ni wa miaka mingapi. Ulizeni malipo yataongezeka kwa kipimo gani. Ulizeni nani ataiondoa mitambo ikichakaa, au itabaki kuwa vyuma vya wajukuu wenu. Ikiwa ni laini ya umeme, jueni kwamba ardhi inabaki yenu, lakini ile ya volti 400,000 inataka njia ya upana wa meta 60, na chini yake hamtaruhusiwa kujenga nyumba. Fidia na ilingane na hasara hiyo. Pelekeni karatasi kwa wakili wenu wenyewe, si wakili aliyeletwa na mgeni.

Nanyi baba zetu, jambo hili tunawaambia kwa heshima. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mali ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kukodishwa bila mke na mume wote wawili kukubali. Msimwite mama siku ya sahihi tu, kama mtu anayeitwa kushika taa. Mwiteni siku ya kwanza ya shauri. Yeye ndiye anayejua maji yako wapi, na kuni ziko wapi, na watoto wanapita njia ipi kwenda shule.

Pili, tunasema nanyi mnaofanya kazi katika kampuni hizi: wahandisi, wapimaji, makarani, maofisa wa mahusiano. Wengi wenu ni watoto wa nyumba kama hizi. Katika kisa cha Nabothi, Ahabu na Yezebeli hawakurusha hata jiwe moja. Kazi yao ilifanywa na wazee wa mji waliopokea barua na kutii. Kila mmoja angeweza kusema kwamba yeye ametumwa tu. Ukiona orodha ya waliohudhuria mkutano ina majina ya watu ambao hawakufika, usiitie sahihi. Ukijua kwamba mzee hakuelewa, rudi umweleze tena. Waweza kukasirikiwa na mkubwa wako. Lakini afadhali hasira ya siku moja kuliko sahihi itakayokusumbua usiku hata uzeeni.

Tatu, ni sisi tunaowasha taa. Tunaishi Kitengela, na Ongata Rongai, na Nairobi. Hatujui jina la mtu hata mmoja wa kule Sarima au Olkaria. Hata hivyo stima yao inapasha maji yetu. Hatuwezi kuizima, wala Mungu hatutaki turudi gizani. Mtoto anayezaliwa usiku katika zahanati ya Isinya anahitaji taa, na chanjo zinahitaji friji. Tena umeme wa upepo na wa mvuke hauchafui hewa kama ule wa kuchoma mafuta, na kiangazi kinachoua ng'ombe wa Kajiado kimetufundisha kwamba hewa nayo si jambo la kuchezea. Lakini usafi wa moshi si usafi wote. Tuwe watu wa kuuliza. Diwani wa wadi akija, au mbunge, tumwulize: mradi huu umejadiliwa na nani, wapi, kwa lugha gani? Je, waliokataa walisikilizwa? Wakati wa mashauri ya wazi ukifika, tuhudhurie, hata kama mlingoti hautasimama kwetu. Maana ni vigumu kwa mtu mmoja kusema "hapana" mbele ya mkubwa, lakini ni rahisi akiwa na majirani nyuma yake. Nabothi alikuwa peke yake siku ile. Hatusomi kwamba jirani hata mmoja alisimama.

Basi, wapenzi wasikilizaji, usiku wa leo mtakapobonyeza swichi, kaeni kimya kidogo kabla ya kuendelea na kazi. Mshukuruni Mungu kwa upepo, ambao ni wake. Kisha wakumbukeni wenye ardhi ambayo upepo ule ulipita.

Tuombe. Ee Mungu, Bwana wa upepo na wa nchi, uwape wakubwa masikio ya kusikia neno "hapana", na wadogo moyo wa kulisema bila chuki. Uwape waliohamishwa raha mahali pao papya. Utupe sisi mwanga usiozima moto wa jikoni kwa jirani yetu. Amina.

Tunawatakieni asubuhi njema, na amani majumbani mwenu na mazizini mwenu.